Kuvundika si Kuozesha

Katika machapisho ya ufugaji, sileji huelezwa mara nyingi kuwa ni "majani yaliyovundikwa". Maelezo haya yana kasoro mbili. Neno majani ni finyu mno: mfugaji wa Tukuyu aweza kutumia hata gogo la mgomba uliokwisha kukatwa mkungu, maganda ya ndizi na mabua ya mahindi. Yafaa tuseme mabaki ya mimea.

Kasoro ya pili ndiyo nzito. Kwa wakulima wa ndizi, kuvundika ni kuzifunika mbichi ili ziive, hakuna anayezishindilia. (Tena neno lenyewe lanukia kuvunda.) Sileji hutaka mabaki yakatwekatwe, yashindiliwe na kuzibwa, ili bakteria wasiohitaji hewa wageuze sukari kuwa asidi. Mgomba nao, ambao kwa sehemu kubwa ni maji, hutaka kuchanganywa na pumba kavu na molasi. Mfugaji atakayefuata neno peke yake atafukua uozo, na lishe ya kiangazi imepotea.

Hata hivyo silikatai neno, kwa kuwa limekwisha kuzoeleka. Fasili ndiyo irekebishwe: kuvundika malisho ni kuyashindilia mabichi pasipo hewa hadi yachachuke.