Utata wa Kitenzi "Kutoa" katika Ukokotoaji wa Joto la Mmenyuko: Mfano wa Pombe ya Ulezi, Kirewa

Tangu Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipochapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, mjadala wa istilahi za sayansi umeelekea kujikita katika nomino. Makala haya yanahoji mwelekeo huo. Katika ukokotoaji wa enthalpia ya mmenyuko kwa kutumia joto la mwako, kikwazo kimo katika kitenzi "kutoa".

Kwa mujibu wa sheria ya Hess ya mwaka 1840, badiliko la enthalpia halitegemei njia inayopitiwa. Kwa hiyo joto la mwako la mazao hutolewa kutoka joto la mwako la vimenyukaji. Hata hivyo, husemwa pia kwamba mmenyuko "hutoa joto". Mwanafunzi anayesoma "joto linalotolewa" hawezi kujua iwapo ni la kuondolewa katika hesabu au ni lile lililoenda kwenye mazingira.

Chukua chungu cha pombe ya ulezi huko Kirewa, wilayani Tororo. Kimea hugeuza wanga kuwa sukari, kisha hamira hugeuza glukosi kuwa ethanoli na kaboni dioksidi. Hakuna kinachoungua, lakini takwimu za mwako zinatosha. Joto la mwako la moli moja ya glukosi ni takriban −2,803 kJ, na la ethanoli −1,367 kJ; kaboni dioksidi haiungui, hivyo thamani yake ni sifuri. Glukosi moja huzaa ethanoli mbili:

−2,803 − 2(−1,367) = −69 kJ

Anayefuata mpangilio wa joto la uundaji, ambamo vimenyukaji ndivyo hutolewa kutoka mazao, hupata +69 kJ, yaani chungu kingepoa. Mpika pombe anayejua kwamba chungu kinachochachuka hupata uvuguvugu tayari ana hoja ya kulikataa jibu hilo.

Huenda ikadaiwa kwamba muktadha huondoa utata. Hapa hauondoi, kwa kuwa kinachopunguzwa katika hesabu na kinachoenda kwenye mazingira ni joto lilelile.

Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Iwapo hatua hiyo itafika katika maabara za Tororo na Busia, waandaaji wa istilahi wapime sentensi nzima za hesabu, wala wasiishie kwenye orodha za maneno. "Kutoa" kibakizwe katika hesabu. Joto "liachiliwe" au "lifyonzwe".