Msoma Njia

Bingwa rasmi wa kwanza wa dunia wa madereva wa rali alipatikana mwaka 1979 kwa tofauti ya pointi moja: Björn Waldegård wa Uswidi 112, Hannu Mikkola wa Ufini 111. Msimu uliamuliwa Desemba, kwenye rali ya Bandama huko Kodivaa, wote wawili wakiendesha Mercedes. Mikkola akashinda rali hiyo. Waldegård akaja wa pili, na ubingwa ukawa wake.

Katika kisa hicho anayenivutia ni Hans Thorszelius, msoma njia aliyekaa pembeni ya Waldegård na makaratasi mapajani. Msimu unapokaribia ukingoni na pointi zimebanana, dereva akiona vumbi la mpinzani mbele hutamani kulimeza. Garini lazima awepo mtu anayekumbuka kwamba leo nafasi ya pili inatosha.

Lakini hesabu ni nusu tu ya ufundi wake. Nusu nyingine ni kuitamka barabara kabla haijafika. Siku za maandalizi wawili hao huipita njia polepole, dereva akitaja kila kona na ukali wake, msomaji akiandika kwa mkato wake mwenyewe. Siku ya mashindano anausoma mwandiko huo huku gari linarukaruka na macho yake yako kwenye karatasi, hivyo njia anaijua kwa makalio. Akisoma mapema mno, dereva atasahau. Akichelewa, kona imeshafika. Kadi ya muda pia iko mikononi mwake. Na juu ya yote kuna sauti. Msomaji akiingiwa na wasiwasi, sauti inamsema, na mguu wa dereva unaondoka kwenye mafuta.

Huku nyanda za kati kazi hiyo tunaijua, aliifanya utingo. Kabla ya lami, barabara ya Dodoma kwenda Babati kupitia Kondoa, kipande cha ile njia kuu iliyokusudiwa kutoka Cape Town hadi Cairo, ilisomwa na vijana waliokuwa wakining'inia nyuma ya malori. Januari mvua hunyesha mbali, wingu lenyewe hulioni, na korongo lililokuwa mchanga mtupu asubuhi linashuka na maji mekundu. Utingo anateremka, anakunja suruali, anaingia na fimbo. Anapima kina, anatafuta palipo pagumu chini ya maji, kisha anamwelekeza dereva kwa mkono. Kwenye udongo mweusi wa mbuga ndiye anayeamua kama tunapita au tunalala hapo hapo. Kwenye miinuko ya Kolo anaruka na gogo lake kuliweka nyuma ya tairi. Kosa lake moja, na mzigo wote wa karanga uko majini.

Lami ya kilomita 251 ilizinduliwa Aprili 2018. Siombi tope lirudi. Mgonjwa wa Kondoa sasa anafika hospitali.

Rali ya Safari ya zamani ilidai vyote, hesabu na fimbo. Ilianza 1953 ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye barabara ambazo hazikufungwa, na baadaye ikawekwa Pasaka, majira ya mvua. Basi lililoegeshwa vibaya, ng'ombe na tope vilikuwa sehemu ya mashindano. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na Harry Källström walimaliza wakiwa sawa kabisa kwa adhabu, baada ya maelfu ya kilomita. Ikabidi waamuzi watazame nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Mehta akapewa ushindi. Kila dakika aliyoilinda Lofty Drews, msomaji wake, ilikuwa na bei.

Shabiki wa rali ukimwamsha usiku atakutajia washindi wa Safari bila kupangusa macho: Joginder Singh mara tatu, Waldegård mara nne, Mehta tano. Muulize nani alisoma njia, utasikia kimya. Mimi orodha yangu naianzia kiti cha pili: Thorszelius 1977 na 1984, Fred Gallagher 1986 na 1990, Mike Doughty miaka minne mfululizo kuanzia 1979. Madereva wao nitawataja nafasi ikibaki.