Fyuzi Mbili za Landrova na Shoti Inayojificha

Land Rover Series IIA ilitoka kiwandani Solihull, Uingereza, ikiwa na fyuzi mbili tu. Moja inatoka moja kwa moja kwenye betri na kulinda honi na taa ya ndani. Ya pili inapitia swichi ya ufunguo na kubeba karibu kila kilichobaki: waipa, geji, indiketa na taa za breki. Taa kubwa za mbele hazikupewa fyuzi kabisa. Kwa hiyo fyuzi ya pili ikikatika, haikuonyeshi saketi yenye hitilafu. Inakwambia tu kwamba ubaya uko mahali fulani kati ya dashibodi na bamba la nyuma, na hapo ndipo mafundi wengi wanapoanza kubahatisha.

Gari ninalolichambua ni 109 ya pikapu ya mwaka 1969, inayopanda na kushuka kati ya Kalemie na Bendera ikiwa na magunia. Fyuzi yake ya pili ilikuwa ikikatika, lakini si kila siku. Mjini gari lilitulia. Kwenye miteremko ya Bendera, hasa likiwa na mzigo, waipa ilisimama ghafla na sindano za geji zikalala, huku injini ikiendelea kunguruma kama kawaida. Dereva alikwisha kuchoka kununua fyuzi, akazungushia karatasi ya alumini ya pakiti ya sigara.

Dereva alimwambia fundi: “Papa, inakata yenyewe tu.” Fundi, mtu mzima aliyejifunza kazi kwenye malori, alimjibu: “Mwanangu, hakuna kinachokata chenyewe,” akaitoa ile karatasi kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Naona hiyo ndiyo hatua ya kwanza iliyokuwa sahihi. Fyuzi hailindi balbu wala mota, inalinda waya. Waya wa shaba wa milimita mraba moja katika magari hayo umepimwa kubeba takriban ampea 8, na ule wa milimita mraba mbili takriban 17. Betri nzuri ikikutana na shoti inaweza kusukuma zaidi ya ampea mia. Karatasi hiyo ya alumini inapitisha mkondo mwingi kuliko waya unavyostahimili, plastiki inayeyuka, na kwenye pikapu hizi tangi la petroli liko chini ya kiti.

Hatua ya pili ilikuwa kuangalia maiti. Fyuzi za zamani alizozihifadhi dereva kwenye kopo zilikuwa na kioo kilichopakwa weusi na madoa ya fedha. Fyuzi iliyozidiwa polepole na mzigo huyeyuka katikati na kioo chake hubaki safi; iliyopigwa na shoti hulipuka ndani. Hesabu nayo inakubali: taa mbili za breki za wati 21 kila moja hula ampea tatu na nusu, na indiketa za upande mmoja hula kiasi hicho hicho. Hata ukiongeza waipa hufiki ampea 17. Mzigo halali haukuwa na hatia.

Halafu kuna jambo la kilichokufa na kilichobaki hai. Injini haikuzimika kwa sababu koili hulishwa na waya mweupe, unaotoka kwenye swichi ya ufunguo bila kupita kwenye fyuzi. Rangi za nyaya za Lucas, waliotengeneza vifaa vya umeme vya magari haya, ni ramani, na anayeijua anapunguza kazi nusu: kahawia ni betri moja kwa moja, nyeupe ni ufunguo bila fyuzi, kijani ni ufunguo baada ya fyuzi, zambarau ni betri baada ya fyuzi, nyeusi ni ethi. Kijani chenye mstari wa zambarau kinakwenda kwenye taa za breki. Baada ya miaka zaidi ya hamsini ya vumbi na mvua rangi zimefifia, hivyo fundi alikata kipande cha kitambaa kilichofunga nyaya ili aone rangi ambayo jua halijaifikia.

Sasa tufike kwenye kipimo chenyewe, ambacho hakihitaji mita ya kidijitali wala umeme wa mjini. Fundi alichukua balbu ya indiketa ya wati 21, akailehemu nyaya mbili, akaiweka mahali pa fyuzi. Balbu hiyo hairuhusu kupita zaidi ya ampea moja na robo tatu, kwa hiyo hata shoti kamili haiunguzi chochote. Inaiwasha tu balbu kwa nguvu zote. Ufunguo ukawashwa: giza. Pedali ya breki ikakanyagwa: balbu ikawaka. Kijana aliyekuwa akisaidia akashangilia kwamba ubaya umepatikana.

Haukuwa umepatikana. Balbu ya majaribio iliyounganishwa kwa mfululizo na taa mbili nzima za breki lazima iwake, maana inapata theluthi mbili ya volti za betri. Hapa ndipo wengi hubadilisha swichi ya breki isiyo na kosa. Fundi alitoa balbu zote mbili za nyuma, akakanyagisha tena: giza, kama inavyotakiwa. Kisha, pedali ikiwa bado imekanyagwa, akalitikisa gari kwa nyuma na kuuvutavuta waya. Balbu ikang’aa, ikazima, ikang’aa.

Waya wa nyuma wa Landrova hizi hupita ndani ya chasisi na kutokea kwenye tundu karibu na bamba la nyuma. Pete ya mpira ya tundu hilo ilikuwa imeshapotea, na ukingo wa chuma ulikuwa umeila plastiki ya waya wa kijani na zambarau. Waya huo hauna umeme mpaka dereva akanyage breki. Basi ili fyuzi ikatike yalihitajika mambo mawili kwa pamoja: mguu kwenye breki na gari kuruka shimo. Barabara tambarare ya mjini hailazimishi hayo kukutana. Mteremko wa Bendera unayakutanisha.

Kipande kilichochakaa kikakatwa betri ikiwa imefunguliwa, kikalehemiwa, kikavikwa mpira, na pete mpya ikachongwa kutoka kwenye mpira wa ndani wa tairi. Ilibaki hitilafu ndogo: indiketa ya kushoto ikiwaka, taa ndogo ya nyuma ilipepesa nayo. Hiyo ni ethi mbovu. Bodi ya Landrova ni aloi ya alumini na chasisi ni chuma, na katika unyevu wa kando ya Ziwa Tanganyika mahali zinapogusana huota unga mweupe usiopitisha umeme. Msasa, boliti mpya na grisi vilitosha.

Neno kwa wanaoagiza fyuzi kutoka Kigoma au Lubumbashi: zile za kioo za Lucas zilizoandikwa 35 hukatika kwenye ampea 35, lakini kwa kudumu zimekusudiwa kubeba ampea 17 na nusu tu. Fyuzi nyingi nyingine za kioo zenye umbo hilo huandikwa kiasi cha kudumu. Ukiweka 30 au 35 ya namna hiyo umeruhusu waya wako kubeba karibu mara mbili ya uwezo wake. Kama huna ya Lucas, agiza ya 15.