Serengeti na Jirani Asiyetajwa

Vitabu vya watu waliopitisha umri wao porini husomwa kwa hamu, khasa na vijana. Lakini kisa kitamu si lazima kiwe ushahidi kamili. Natutazame vitabu viwili vya Serengeti.

Cha kwanza ni cha Mjerumani Bernhard Grzimek, kilichotoka mwaka 1959, na jina lake lasema Serengeti isife. Yeye na mwanawe Michael waliwahesabu wanyama kwa ndege iliyopakwa milia kama punda milia, wakapata 366,980. Tarehe 10 Januari 1959 tumbusi aliigonga ndege hiyo, na Michael akafa. Ni nani asome habari za baba huyo asiguswe?

Cha pili ni cha Myles Turner, aliyekuwa bwana nyama huko tangu 1956 hata 1972, kilitoka 1987. Humo mna habari za mitego ya waya na mateso ya mnyama aliyenaswa. Ukatili huo hatuutetei.

Tunacholaumu ni hiki: jirani wa hifadhi, awe Mmasai au Msukuma, mara nyingi huingia kitabuni kama tishio tu. Na yaliyotokea baadaye yamtetea. Grzimek aliwahofia ng'ombe. Lakini kufikia mwisho wa miaka ya 1970 nyumbu walipita milioni moja, na sababu kubwa ni kukoma kwa sotoka baada ya ng'ombe wa majirani kuchanjwa. Chanjo ya ng'ombe wa mfugaji ndiyo iliyomponya mnyama wa mwitu.

Leo Pori la Akiba la Maswa, lililotangazwa mwaka 1962, limo katika mkoa wa Simiyu, ambao makao yake ni Bariadi. Tembo hutoka wakaingia mashambani. Serikali humpa mwenye shamba kifuta jasho, na aliyefiwa kifuta machozi. Majina yenyewe yasema kweli: jasho hufutwa, halilipwi.

Basi, ndugu msomaji, tusiwanyime watoto wetu vitabu hivi. Vinafunza ushujaa na huruma. Lakini wakimaliza tuwaulize: aliyekesha shambani akipiga debe kumfukuza tembo, kisa chake kimeandikwa wapi? Mnyama ni amana, na jirani ana haki. Anayechunga amana kwa kudhulumu haki hajaichunga.