"Kutua Vibaya": Istilahi Isiyotosheleza

Katika taarifa za ajali za ndege ndogo za mafunzo, aghalabu hutumika maneno mawili tu: "kutua vibaya". Kwa msomaji wa gazeti yatosha. Kwa mwanafunzi wa urubani ni hatari. Ndege iliyogonga ardhi kwa kishindo imebamiza, nayo hupelekwa karakana ikakaguliwe. Iliyogusa ardhi ikarushwa tena juu imedunda, mithili ya mpira. Mwanafunzi akiisukuma pua chini, gurudumu la mbele na rafadha ndivyo vitakavyotangulia kugonga. Hana budi kuongeza nguvu za injini na kughairi kutua, papo hapo.

Kosa la tatu ni kusukumwa na upepo wa ubavuni. Hapa hatuna haja ya kukopa ng'ambo. Lugha ya mabaharia wa pwani huita upande utokako upepo goshini, na ule uendako demani (demani ni jina la majira pia, lakini muktadha hutofautisha). Basi mwalimu aseme: "Inamisha bawa la goshini." Nahodha wa Msimbati, aliyezoea kusi kwenye mlango wa Ruvuma, ataelewa bila kamusi.