Mwindaji Asiye na Mishale

Jioni moja hapa Kikula, mtaa wetu wa Likasi, umeme ukiwa umekatika, mtoto wa kaka yangu aliiacha simu yake mezani akaenda kula bukari, ugali wetu. Mchezo ukaendelea bila yeye. Shujaa wake alikimbia, akapiga, akaua, akaokota mali, akakimbia tena. Nikamuuliza: huyu wako ni nani, mwindaji, mchawi au askari? Alimeza tonge kwanza, kisha akanijibu kwa Kiswahili chetu cha huku: "Papa, bote beko sawasawa. Ni manguo tu inabadilika."

Jibu hilo lilinikumbusha ufundi ambao watu wachache huusifu, kwa kuwa ukifanywa vizuri hauonekani: ufundi wa kuchonga fani za wahusika katika michezo ambayo maelfu huicheza pamoja mtandaoni, kila mmoja akiwa na kazi yake.

Mizizi yake iko mezani, si kwenye kompyuta. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa karatasi na dadu. Fani zilikuwa tatu: mpiganaji, mchawi na kasisi. Mchawi anayeanza alipewa uganga wa mara moja tu. Akishautumia, umemtoka mpaka kesho, na mwilini hana nguvu ya kujitetea. Kasisi aliponya wenzake lakini alikatazwa silaha yenye makali. Waasisi hao walichonga udhaifu kwa uangalifu uleule waliochongea uwezo, na kwa sababu hiyo watatu hao walihitajiana.

Nilipokuwa nasoma Johannesburg nilikutana na wajukuu wa fani hizo katika World of Warcraft, mchezo uliotoka Novemba 2004. Nilichagua mwindaji. Alinunua mishale kwa pesa yake na kuibeba katika podo lililokula nafasi ya mkoba. Ikiisha katikati ya pango, imeisha, na wenzako wanakutazama. Mnyama aliyemfuga alitaka kulishwa. Akikaa na njaa hununa, na akinuna sana humtoroka bwana wake. Jirani yangu alikuwa mchawi wa mapepo, naye ilimbidi anyonye roho ya adui anayekata pumzi ili apate kijiwe cha kufanyia uganga. Akitaka kumwita mwenzetu aliye mbali, alihitaji watu wawili wamsaidie kufungua mlango. Mwanamazingaombwe aligeuka mwokaji wa kikosi: kabla ya vita tulimpangia foleni atugawie mikate na maji aliyoyaumba. Kero tupu, mtu angesema. Lakini mpaka leo nikifumba macho namtambua kila mmoja kwa mzigo wake kabla sijakumbuka silaha yake.

Sisi wa Likasi hatuhitaji kuelezwa hili mara mbili. Kabla kampuni ya migodi ya Union Minière haijaundwa mwaka 1906, kabla mji haujaitwa Jadotville na kurudishiwa jina lake mwaka 1966, watu wa nchi hii waliyeyusha shaba wakati wa kiangazi. Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne aliandika habari zao mwaka 1926 na kuwaita "wala shaba". Wanawake na watoto waliokota malakaiti juu ya ardhi. Wanaume walishuka mashimoni na sururu. Wengine walichoma makaa. Tanuru lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, na wavukutaji wakalipulizia kwa mivukuto ya ngozi mpaka shaba itiririke. Kila kazi ilikuwa na chombo chake, uchovu wake na jeraha lake. Mvukutaji ulimjua kwa mikono, mchoma makaa kwa macho mekundu. Wape wote chombo kimoja kinachofanya yote, nawe umepata shaba, ila umepoteza wala shaba.

Ndivyo ilivyotokea mchezoni. Mwaka 2010 mishale ilifutwa; upinde ukawa hauishiwi. Muda si mrefu mnyama naye akaacha kununa. Mwaka 2012 miti ya vipaji, ambayo mchezaji aliipanda tawi kwa tawi, ilikatwa, pakabaki safu sita tu, kila safu uchague kimoja kati ya vitatu. Mwaka 2022 wachongaji waliirudisha miti, kwa sura mpya. Fundi anayerudi kuokota alichokitupa anastahili heshima yake.

Hata hivyo nisiwaonee. Walikuwa na sababu. Mgeni aliyefika alikuta vitufe arobaini, vingine havina maana yoyote, na mizigo mingine ilikuwa adha isiyofundisha kitu. Isitoshe, wepesi wenyewe si dhambi. Tazama bao la Kiswahili: kete 64, zote sawa, hakuna askari wala mfalme. Lakini kila upande una nyumba, na mtembezo wako wa kula ukiishia katika nyumba yako iliyo hai, unaamua mwenyewe: ulale, au usafiri na kete zake zote, ukijua kwamba ukisafiri nyumba imevunjika. Kitendo ni chepesi kwa mkono, mtoto anakiweza. Uzito wake uko katika kuamua. Ndiyo maana watu wa pwani wana bao la kujifunza kwa anayeanza, lisilo na nyumba ya kumhangaisha, na hakuna aliyewahi kulidhania kuwa ndilo bao.

Hapo ndipo ninapomtenga anayerahisisha na anayefukarisha. Wa kwanza huupunguzia mkono kazi ili akili ipate nafasi. Wa pili huondoa uamuzi wenyewe, kisha hugawa manguo. Fani nzuri hainiulizi nataka nguvu kiasi gani. Huniuliza niko tayari kubeba nini. Mwindaji wangu alikuwa tayari kurudi mjini saa nane usiku kununua mishale na kumtafutia mnyama nyama, na katika safari hizo zisizo na ushindi wowote ndipo alipokuwa mwindaji.

Mtoto alirudi akijifuta mikono, akainua simu. Shujaa alikuwa amepanda ngazi mbili na mkoba umejaa. Hakuuliza amepita wapi wala amepigana na nani. Aliangalia kiasi cha betri kilichobaki, akaizima.