Kiungo Kinachofunguka

Kompyuta ikiwashwa, kerneli ikishajiweka sawa huita programu moja na kuipa namba 1. Hiyo ndiyo mama wa zote zilizobaki. Ndiyo huamsha mtandao, sauti na skrini, na mchakato uliofiwa na mzazi hurudi kwake kulelewa. Ikifa, kerneli nayo husimama na mashine nzima huganda. Kwenye Linux, hata kiungo nyeti namna hii unaweza kuking'oa ukaweka kingine. Kila nikiliwaza jambo hilo nawaheshimu zaidi mafundi waliolifanya liwezekane.

Kwenye laptopu yangu namba 1 ni runit. Jioni ya kwanza niliiandikia huduma ya ssh faili la mistari miwili: wa kwanza unataja sheli ya kulisoma, wa pili una neno exec na programu yenyewe. Basi. Kwa exec, sheli huondoka na kuiachia programu nafasi yake pamoja na namba yake ileile, ili runit inayoisimamia isije ikashika kivuli. Nikauliza hali: inakwenda, namba 812, sekunde 35. Nikaiua makusudi. Nikauliza tena: namba mpya, sekunde 1. Nilikaa kitako nikiitazama ile sekunde moja kwa furaha.

Mwaka 2014 kamati ya ufundi ya Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, ilipochagua namba 1, kura zilifungana kati ya systemd na upstart, na ya mwenyekiti wake, Bdale Garbee, ikaipa systemd ushindi. Sisemi walikosea. Systemd, iliyoanzishwa 2010 na Lennart Poettering na Kay Sievers, huamsha huduma nyingi kwa mpigo, na wanaotunza mashine kwa mamia wana sababu ya kuishukuru. Mimi moyo wangu uko kwa walioamua kwamba mlango wa pili usizibwe. Devuan ilijitenga na Debian mwaka huohuo, na toleo lake la kwanza imara likatoka Mei 2017. Hapo katikati ni vifurushi vya kufunguliwa kimoja baada ya kingine, kutafuta palipokazwa fundo.

Fundo gumu lilikuwa logind, sehemu ya systemd inayojua nani ameketi mbele ya skrini na nani aruhusiwe kuzima mashine. Mazingira ya kazi ya skrini kama GNOME yalishaizoea. Leseni ilimruhusu yeyote kuiondoa, lakini aliyeiondoa angebaki na skrini isiyojua mwenyewe ni nani. Mwaka 2015 Andy Wingo, kwa ajili ya Guix, mfumo mwingine usiotumia systemd, aliitoa sehemu hiyo ndani ya systemd, akaisimamisha peke yake, ikaitwa elogind. Ufundi wake uko hapa: elogind huitika kwa jina lilelile, login1, na kujibu maswali yaleyale. Tangu hapo wapo wanaoilinganisha na ile ya awali kila systemd inapobadilika, mstari kwa mstari, ili majibu yasipishane. Ni kazi ambayo ikifanyika vizuri hakuna anayeiona, nami naiona kuwa bora kuliko nyingi zinazopigiwa makofi.

Usiku nikifunga laptopu, elogind ndiyo inayosikia kifuniko kikishuka. Huiambia mashine ilale, nayo hulala.